Prednisoloni, azathioprini, mikofenolati, rituksimabu: tathmini ya dawa za malengelenge ya kinga kwa mgonjwa wa Dar es Salaam

Hukumu kwanza, maana wengi wanaosoma tathmini ya namna hii wana mgonjwa nyumbani ambaye ngozi inabanduka na hata uji unamshinda kumeza. Kwa pemfigasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaishambulia ngozi yenyewe na kuleta malengelenge, dawa iliyoonyesha matokeo bora kuliko zote ni rituksimabu, na faida yake ni kubwa zaidi ikitolewa mapema kuliko ikiachwa iwe kimbilio la mwisho. Kwa ambaye mfuko haumruhusu, na Dar hao ni wengi, prednisoloni pamoja na azathioprini bado ni tiba ya kweli inayorudisha watu kazini. Sharti ni moja: vipimo vya damu viende sambamba na vidonge. Dawa iliyotolewa bila ratiba ya kupima ni nusu ya tiba, hata kama boksi ni halisi na dozi imeandikwa vizuri. Kwa hiyo kila dawa hapa tumeipima kwa kazi yake na kwa uangalizi inaoudai.

Magonjwa yanayohusika hasa ni mawili. Kwenye pemfigasi, mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya desmogleini, protini zinazoshikiza seli za tabaka la juu la ngozi. Seli zikiachiana, linatokea lengelenge lenye ngozi nyembamba linalopasuka kwa kuguswa tu, ndiyo maana mgonjwa hufika hospitali akiwa na vidonda, malengelenge mazima yakiwa mawili matatu. Mara nyingi mdomo ndio unaotangulia, wiki au miezi kabla ya ngozi, na mtu anakuwa ameshamaliza chupa kadhaa za dawa ya fangasi. Kwenye pemfigoidi mpasuko uko chini zaidi, pale tabaka la juu la ngozi linapokutana na la chini. Lengelenge lake ni gumu, limejaa maji, halipasuki ovyo. Huwapata zaidi watu wa miaka 60 kwenda juu na aghalabu huanza na muwasho mkali. Walter Lever aliyatenganisha magonjwa haya mwaka 1953, na mpaka leo kuyatenganisha kunaokoa pesa, kwa sababu pemfigoidi mara nyingi hutulia kwa tiba nyepesi zaidi.

Ndiyo maana hakuna sababu ya kununua dawa ya kushusha kinga ya miezi mingi kabla kinyama cha ngozi hakijapimwa. Vinakatwa vipande viwili. Cha kwanza kinatoka ukingoni mwa lengelenge jipya, la siku moja au mbili, na kinatiwa kwenye fomalini. Cha pili kinatoka kwenye ngozi inayoonekana nzima, ndani ya sentimita 1 kutoka kwenye lengelenge, na hiki hakitakiwi kugusa fomalini kabisa. Kinawekwa kwenye maji maalumu ya Michel au, yakikosekana, kwenye saline ya kawaida na kufikishwa maabara ndani ya saa 24. Kosa linalojirudia ni vipande vyote viwili kutumbukizwa kwenye chupa moja. Fomalini ikishaingia, kipimo cha kuangalia kingamwili kwa mwanga hakisomeki tena, na mgonjwa anakatwa na kulipa mara ya pili. Uliza kabla ya sindano ya ganzi: "Daktari, kipande cha pili kinaingia chupa gani, na maabara ipi inakisoma?" Kliniki inayojibu swali hilo bila kusitasita inajua inachofanya.

Njia ya kawaida hapa mjini ni kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala, kisha rufaa ya kwenda kliniki ya ngozi Muhimbili. Lakini mwenye vidonda vilivyoenea, asiyeweza kula wala kunywa, au mwenye homa, asisubiri siku ya kliniki. Huyo ni wa kitengo cha dharura siku hiyohiyo, na prednisoloni yake inaweza kuanza wakati majibu ya kinyama yanasubiriwa.

Prednisoloni

Hii ndiyo inayookoa maisha wiki za kwanza. Kabla steroidi hazijaingia kwenye tiba miaka ya 1950, wengi wenye pemfigasi ya aina ya vulgarisi walikufa. Ni ya bei ndogo na kidonge cha miligramu 5 si kigumu kupata. Kwa pemfigasi ya wastani hadi kali, dozi ya kuanzia huwa kama miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anakula vidonge 12 vya miligramu 5, vyote kwa mpigo, asubuhi baada ya kifungua kinywa. Watu huogopa wingi huo wakavigawa: vinne asubuhi, vinne mchana, vinne usiku. Dozi ya usiku inaondoa usingizi na inazilaza zaidi tezi za adrenali, zile zinazotengeneza homoni ya mwili yenyewe inayofanana na dawa hii. Kwa anayefunga Ramadhani, dozi inaliwa daku. Ila mwenye vidonda vibichi, mwenye dozi kubwa, au ambaye sukari imepanda, azungumze na daktari wake kuhusu kutofunga, maana kukaa bila maji mchana kutwa na ngozi inayovuja kunamwangusha.

Kinachotafutwa ni malengelenge mapya kukoma na vidonda vya zamani kuanza kufunga. Hilo likidumu wiki mbili na vidonda vingi vikawa vimekauka, ndipo dozi inaanza kushuka, kwa asilimia 10 hadi 25 kila wiki mbili: 60, 50, 40, 30, kisha kwa hatua za miligramu 5 mpaka ifike 20. Chini ya 20 mwendo unapungua, inashuka miligramu 2.5 kila wiki mbili hadi nne. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ngozi imesafishika, uso umevimba kuwa wa duara, majirani wameanza kuuliza, na mtu anaacha vidonge kwa siku moja. Tezi zilizolala hazitaamka kwa siku moja: presha inashuka, anatapika, anazimia, na malengelenge yanarudi juu yake. Yakitoka matatu au zaidi ndani ya mwezi na hayaponi yenyewe ndani ya wiki, hiyo ni kurudi kwa ugonjwa, na kawaida daktari hurudisha dozi hatua mbili nyuma.

Jambo jingine la kaunta. Prednisoloni ikikosekana, kuna watu hupewa deksamethasoni ya miligramu 0.5 kidonge kwa kidonge. Hesabu haiko hivyo. Miligramu 5 za prednisoloni ni sawa na 0.75 za deksamethasoni, kwa hiyo vidonge 12 vya deksamethasoni ni sawa na prednisoloni miligramu 40 tu. Aliyetakiwa kula 60 ameshushwa kwa theluthi bila kujua, na wiki inayofuata mdomo unafumuka tena. Badiliko lolote la jina la dawa lirudi kwa daktari kwanza.

Kabla ya dozi kubwa au dawa yoyote inayofuata, hivi viwe vimeshafanyika: picha kamili ya damu, ini na figo, sukari, presha, uzito, picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu, VVU, homa ya ini B na C, na mimba kwa wanawake. Kuna kimoja kinachosahaulika sana ukanda wetu, nacho ni mnyoo aitwaye strongiloidi, unaoingia kwa kukanyaga udongo pekupeku na kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Kinga ikishushwa na steroidi, unazaliana na kusambaa hadi mapafu na damu, na hali hiyo inaua. Dozi moja ya albendazoli haiutoshi. Dawa yake ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kilo, yaani miligramu 12 kwa mtu wa kilo 60. Daktari anayeiandika kabla ya prednisoloni ya miezi mingi anastahili heshima yako.

Kwa mifupa, kalsiamu na vitamini D vinaanza mapema. Alendronati ya miligramu 70 kwa wiki ni nzuri kwa atakayekula steroidi zaidi ya miezi mitatu, isipokuwa kwa pemfigasi iliyoshuka hadi kooni. Kidonge hicho kinachoma umio, na umio wenye vidonda hauhitaji kingine cha kuuchoma.

Azathioprini

Tukiambiwa tuchague dawa moja ya vidonge ya kumwongezea mgonjwa wa kawaida wa Dar juu ya prednisoloni, tunachagua hii. Utafiti uliofanyika Iran na kuchapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 120, ulilinganisha prednisoloni peke yake na prednisoloni iliyoongezewa azathioprini, mikofenolati au siklofosfamidi. Azathioprini ndiyo iliyopunguza zaidi jumla ya steroidi walizokula. Na hilo ndilo lengo la dawa hizi zote za nyongeza: steroidi ishuke bila ugonjwa kuamka.

Kidonge ni cha miligramu 50. Dozi ya kulenga ni kama miligramu 2 kwa kilo kwa siku, lakini haianzi hapo. Inaanza na kidonge kimoja kwa siku, damu inapimwa baada ya wiki moja, na ikiwa salama inapanda taratibu. Kwa kilo 60 hesabu inakuja miligramu 120. Usikate kidonge ili kuipata: kidonge kina ganda, na vumbi lake halifai kuguswa, hasa na mjamzito. Kinachofanyika ni vidonge viwili leo, vitatu kesho, na wastani unakuwa 125. Kula pamoja na chakula, kichefuchefu kitapungua.

Inachelewa. Wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, kabla hujaona kazi yake. Mwezi wa kwanza mgonjwa anaona anakula dawa ya bure, anaiacha, kisha prednisoloni ikishuka chini ya 20 kila kitu kinarudi.

Uangalizi wake ndio wenyewe hasa. Azathioprini inavunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho TPMT, na wapo watu wachache waliozaliwa nacho kidogo au hawana kabisa. Kwa hao, dozi ya kawaida inaua uboho, chembe nyeupe zinaporomoka ndani ya wiki chache. Wenye asili ya Asia, na jijini wapo wengi, wana kimeng'enya kingine cha kuangalia, NUDT15. Kwa ambaye hajapimwa vimeng'enya hivi, kinga yake ni kuanza chini na kupima picha kamili ya damu kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili mwezi wa pili, kisha kila mwezi, na baadaye kila miezi mitatu pamoja na ini. Uingereza wanashtuka chembe nyeupe zikishuka chini ya 3.5, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) chini ya 1.6, chembe sahani chini ya 140, au vimeng'enya vya ini vikipita 100. Hapa pana la kuongeza: Waafrika wengi wana nyutrofili chache kwa kuzaliwa, bila ugonjwa wowote. Mtu anaweza kuwa na 1.5 maisha yake yote na akawa mzima. Bila kipimo cha kabla ya dawa, daktari hataweza kujua kama 1.5 ya leo ni dawa inayouma au ni maumbile, na ataiacha dawa nzuri bure au ataendelea na inayodhuru. Tunza karatasi ya kipimo cha kwanza. Piga picha kwa simu, itume pia kwa ndugu mmoja.

Alopurinoli, dawa ya gauti, haikai na azathioprini. Inazuia njia nyingine ya kuivunja, na dozi ya kawaida inageuka sumu kwenye uboho. Wazee wengi hula alopurinoli bila kuihesabu kuwa dawa kwa sababu gauti imetulia. Mfamasia anayeuliza, "Mzee, unatumia dawa ya gauti?" kabla ya kukukabidhi boksi ni wa kurudi kwake mwezi ujao. Homa, mwili kuuma na kutapika kukali ndani ya wiki nne za kwanza ni mwili kuikataa dawa: inaachwa na hairudiwi.

Kwa mwenye ualbino, azathioprini inaiongezea ngozi hatari ya jua na saratani ambayo tayari iko juu. Huyo aanze kwa kuzungumza na daktari kuhusu rituksimabu au mikofenolati.

Usizitafute dawa hizi duka la dawa muhimu la mtaani. Nenda famasia kamili yenye mfamasia, na omba kuona boksi zima badala ya kupokea vidonge vilivyomwagwa kwenye bahasha: "Dada, naomba nione boksi, nahitaji namba ya toleo na tarehe ya kuisha." Picha ya boksi la mwezi huu ilinganishwe na la mwezi ujao. Nyumbani, chumba chini ya bati bila dari kinapata joto kali mchana wa Januari. Weka boksi sehemu ya chini ya nyumba, pakavu, mbali na dirisha na jiko.

Mikofenolati

Ni dawa nzuri ya pili. Kidonge cha miligramu 500, dozi ya kawaida gramu 2 kwa siku, yaani viwili asubuhi na viwili jioni, ukianza na kimoja kimoja ili tumbo lizoee. Tatizo lake kubwa ni kuhara. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini zinaizuia kufyonzwa, ziachane kwa saa mbili. Kuna aina mbili za chumvi: ile ya miligramu 720 inalingana na gramu 1 ya ile ya kawaida, kwa hiyo namba zisichanganywe.

Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, hii inaharibu mimba na kulemaza mtoto. Kipimo cha mimba kabla, uzazi wa mpango wa uhakika wakati wote, na kuiacha angalau wiki sita kabla ya kutafuta mtoto. Anayepanga kuzaa abaki na azathioprini, ambayo inaweza kuendelea wakati wa ujauzito chini ya uangalizi. Tunaipendekeza mikofenolati kwa ambaye azathioprini imemdhuru ini au uboho, au hawezi kuachana na alopurinoli.

Rituksimabu

Hapa ndipo pesa ndefu zinapokwenda, na hapa ndipo pana uharibifu unaouma zaidi. Kazi yake ni kufuta seli B, zile zinazokuja kuwa viwanda vya kingamwili. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa nusu ya wagonjwa wapya 90 rituksimabu na steroidi ya muda mfupi, nusu steroidi peke yake. Baada ya miaka miwili, asilimia 89 ya kundi la kwanza walikuwa wazima bila tiba yoyote, dhidi ya asilimia 34. Marekani ikaidhinisha kwa pemfigasi vulgarisi mwaka 2018. Mwaka 2021 ikalinganishwa na mikofenolati: asilimia 40 dhidi ya 10 walipata utulivu kamili uliodumu hadi wiki ya 52. Kwa takwimu hizo, familia inayoweza kuchangishana mara moja itafakari kuifanya mwanzoni, kabla steroidi haijavunja mifupa na kuleta kisukari.

Dozi ni gramu 1, kisha gramu 1 nyingine baada ya wiki mbili. Kila gramu ni chupa mbili za miligramu 500, mililita 50 kila moja. Zipo za kampuni ya awali, MabThera, na zipo zilizotengenezwa baadaye kwa kufanana nayo, za bei nafuu zaidi. Hizo zinakubalika mradi zimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kama una bima, uliza kwa maandishi kama dawa hii inalipiwa kwa ugonjwa wa ngozi, maana huenda orodha yake inaiweka upande wa saratani.

Dawa hii inakaa nyuzi 2 hadi 8. Ukitakiwa kuinunua nje na kuileta wodini, foleni ya Dar ndiyo adui. Beba boksi la baridi lenye barafu za pakiti zilizofungwa kwa kitambaa, chupa zisigusane na barafu, maana kuganda kunaiharibu sawasawa na joto. Isitikiswe. Ukiishika juu ya mwanga iwe angavu, haina rangi au ina manjano hafifu. Yenye chembe au ukungu usiilipie. Muombe mfamasia afungue friji mbele yako na akuonyeshe kipimajoto. Chupa iliyotolewa kabatini haina nafasi ya kujitetea.

Homa ya ini B ipimwe kwa vipimo viwili, antijeni ya ganda la kirusi (HBsAg) na kingamwili ya kiini chake (anti-HBc). Kirusi kilicholala huamka baada ya rituksimabu na kinaweza kuua ini. Kipimo kimoja cha haraka hakitoshi.

Siku yenyewe: dawa za presha za asubuhi huenda zikasitishwa saa 12 kabla, kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu dripu yenyewe inashusha presha. Nusu saa kabla anapewa parasetamoli, dawa ya aleji, na methilprednisoloni miligramu 100 ya mshipa. Muuguzi anatoa mililita 100 kwenye mfuko wa saline wa 500 na kurudishia mililita 100 za dawa, kila mililita inakuwa na miligramu 2. Inaanza kwa miligramu 50 kwa saa, ambazo ni mililita 25 kwa saa. Kila nusu saa inapanda kwa miligramu 50 hadi kufikia 400 kwa saa. Kwa mwendo huo gramu 1 inachukua saa 4 na dakika 15. Ya pili, ikianza kwa 100 na kupanda kwa 100, ni kama saa 3 na robo. Wodi isiyo na pampu itahesabu matone: kwa seti ya matone 20 kwa mililita, mwanzo ni matone 8 tu kwa dakika. Ukiona yanakimbia, sema. Kutetemeka, homa, koo kukwaruza au presha kushuka hutokea zaidi saa mbili za kwanza za dripu ya kwanza. Dripu inasimamishwa, dalili zinatibiwa, na inarudishwa kwa nusu ya mwendo. Kuharakisha ili kuwahi kufunga zamu ndiko kunakoleta balaa. Wauguzi wa wodi za saratani ndio walioizoea zaidi, kwa kuwa inatibu limfoma, na hakuna aibu kuomba itolewe huko.

Usitegemee muujiza wiki ya kwanza. Kingamwili zilizokwisha kutengenezwa zinachukua miezi miwili mitatu kuisha, na prednisoloni inaendelea kushuka polepole kipindi hicho. Septrini ya kukinga nimonia hutolewa kwa wengi, ila ikiwa na azathioprini picha ya damu ipimwe mara nyingi zaidi, na ikiwa na methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, haifai. Chanjo zenye virusi hai, kama homa ya manjano na surua, hazitolewi kwa mtu aliye kwenye dawa hizi. Anayesafiri aombe cheti cha kueleza kwa nini hakuchanjwa.

Mzee mwenye pemfigoidi

Kabla ya chochote, kusanya dawa zake zote mezani. Gliptini za kisukari, hasa vildagliptini, zinajulikana kuiamsha pemfigoidi, na kuibadilisha tu kunaweza kuituliza ngozi. Iondolewe na daktari wa kisukari akiweka nyingine mahali pake.

Krimu ya klobetasoli ya asilimia 0.05 inafanya kazi hata kwa ugonjwa ulioenea, lakini kwa gramu 30 hadi 40 kwa siku, mwili mzima isipokuwa uso. Hiyo ni zaidi ya tyubu moja ndogo kila siku, na anayepaka kidogokidogo anatupa pesa. Kwa kuwa klobetasoli imejaa kwenye mkorogo wa kujichubua, nunua iliyo peke yake, isiyochanganywa na dawa ya fangasi au antibayotiki. Kwa ambaye steroidi ni hatari, doksisaiklini ya miligramu 200 kwa siku ina nafasi: utafiti wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 2017 ulionyesha asilimia 74 walibaki na malengelenge matatu au pungufu baada ya wiki sita, dhidi ya 91 wa prednisoloni, lakini madhara makubwa yalikuwa machache. Inywe na maji mengi, na asilale kwa nusu saa.

Dapsoni, dawa nyingine ya vidonge, hutumika zaidi kwa watoto wenye malengelenge ya kingamwili za IgA. Kwetu, upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ni wa kawaida, na dapsoni kwa mwenye upungufu huo inapasua chembe nyekundu. Kipimo kwanza. Methotreksati ni mara moja kwa wiki. Kila siku ni sumu. Andika jina la siku hiyo juu ya boksi.

Vidonda na homa

Lengelenge kubwa linatobolewa pembeni kwa sindano safi, maji yatoke, ngozi ya juu ibaki ilivyo kama kifuniko. Plasta ya kunata isiguse ngozi kabisa, itabandua na iliyo nzima. Tumia shashi yenye vaselini na bandeji ya kuzungushia. Pamanganeti ya potasiamu: kidonge cha miligramu 400 kwenye lita 4 za maji, rangi iwe ya waridi hafifu, zambarau ni kali mno. Mdomoni, kuna wanaoelekezwa kusukutua kwa steroidi iliyoyeyushwa. Utando mweupe ukitokea ni fangasi na unahitaji nistatini. Uji wa vuguvugu, mtindi na ndizi za kupondwa vinapita. Pilipili na ndimu ziondoke mezani.

Kinachoua zaidi wagonjwa hawa siku hizi ni maambukizi. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye dawa hizi si ya kununulia parasetamoli mtaani na kusubiri asubuhi. Ni ya dharura, usiku huohuo, na mkanda wa jeshi nao unahitaji dawa ndani ya saa 72 za kwanza. Anayetapika asiweze kubakiza prednisoloni tumboni anahitaji haidrokotisoni ya sindano, miligramu 100. Daktari wa zamu hatajua hayo kwa kumtazama, kwa hiyo andikeni kadi: jina la ugonjwa, kila dawa na dozi yake, tarehe ya rituksimabu ya mwisho, nyutrofili za kabla ya tiba, na maneno "ANATUMIA STEROIDI, ISIKATISHWE". Ikae kwenye pochi ya mgonjwa pamoja na kitambulisho.